Kurudi kwenye anime na kumpendekezea mwenzako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Niliacha anime miaka mingi iliyopita. Nirudi kwa mlango gani?

Rudi kwa mlango mdogo: anime (katuni ya Kijapani) fupi, iliyokwisha. Fupi ni ile ya episodi 11 hadi 26. Iliyokwisha ni ile ambayo hadithi yake ina mwisho, siyo ile iliyosimama tu kwa sababu fedha ziliisha au manga yake (vibonzo inavyotokana navyo) haikuendelea.

Piga hesabu kabla ya kuanza. Episodi ya kawaida ya televisheni ina dakika 24 hivi. Wimbo wa kufungulia na wa kufungia huchukua dakika moja na nusu kila mmoja, kwa hiyo ukiruka nyimbo hubaki dakika 21. Anime ya episodi 12 ni saa nne na ushei, kazi ya Jumamosi moja. Ya episodi 26 ni saa tisa. Ya episodi 500 ni saa 175, na hapo ndipo wengi wanaporudi hukwama: wanaikimbilia ileile ndefu waliyoiacha, wanachoka wiki ya pili, kisha wanasema anime za siku hizi hazina ladha.

Mapendekezo yetu matatu kwa anayerudi ni haya. *Cowboy Bebop* (1998, episodi 26), kwa sababu episodi nyingi zinajitegemea na unaweza kukaa wiki nzima bila kupoteza uzi. *Puella Magi Madoka Magica* (2011, episodi 12), kwa anayetaka kushtuliwa. Na *Frieren* (2023, episodi 28 katika msimu wa kwanza), ambayo haijafika mwisho, ila msimu huo unashiba wenyewe: inaanzia pale ambapo hadithi nyingine humalizikia, mashujaa wamekwishamshinda mfalme wa mapepo na wanarudi nyumbani.

Kuna kitu gani kimebadilika tangu nilipoacha?

Namna ya kurusha. Zamani anime kubwa ilikuwa hewani kila wiki, mwaka mzima, bila kupumzika. Siku hizi nyingi hutoka kwa misimu inayoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba, kila msimu ukiwa na episodi 11 hadi 13, na zilizobahatika hupewa misimu miwili mfululizo. Faida yake ni kwamba picha ni nzuri zaidi na vipengele vya kupotezea muda vimepungua. Hasara yake ni kungoja: *Attack on Titan* ilianza 2013, msimu wa pili ukaja 2017. Kwa hiyo anayerudi leo ana raha ambayo waliokuwa wakifuatilia hawakuipata. Yeye anakuta chungu kimeiva.

Mbona ile niliyoipenda utotoni sasa inanichosha?

Kwa sababu ilitengenezwa iangaliwe mara moja kwa wiki, na wewe unaangalia kumi kwa siku. Kila episodi inaanza kwa kukukumbusha yaliyopita na inaisha kwa kukuonjesha yajayo. Ukizipanga mfululizo, marudio hayo yanaonekana yote.

Sababu ya pili ni manga. Manga ni vibonzo vya Kijapani ambavyo anime nyingi hutokana navyo (siyo Manga ya kwetu, ile ya pilipili manga na mkomamanga). *Dragon Ball Z* ilikuwa ikitengenezwa wakati mtunzi wake, Akira Toriyama, bado anachora sura moja ya manga kila wiki, na episodi moja hula haraka kuliko mkono wa mchoraji. Watengenezaji wakalazimika kuvuta. Ndiyo maana kule kwenye sayari ya Namek, adui Frieza anasema sayari italipuka baada ya dakika tano, na pambano linaendelea kwa episodi karibu kumi.

Dawa: angalia moja au mbili kwa siku, ruka ukumbusho wa mwanzo, na mahali pengine chukua toleo lililopunguzwa. *Dragon Ball Kai*, iliyoanza 2009, ni *Dragon Ball Z* ileile iliyokatwa mafuta, kutoka episodi 291 hadi takriban 160.

Niliachia Naruto, Bleach au One Piece njiani. Niendelee kutoka wapi?

Kwanza ujue kuhusu episodi za kujazia, ambazo wapenzi wengi huziita filla. Hizi hazimo kwenye manga. Studio ilizitunga ili kuipa manga nafasi ya kutangulia. Ukiziruka hadithi haivunjiki.

*Naruto* ya kwanza (2002 hadi 2007) ina episodi 220. Hadithi yenyewe inakwenda hadi episodi ya 135, pale Naruto anapomfuata Sasuke. Kuanzia 136 hadi 219 karibu zote ni za kujazia. Watu wengi waliacha Naruto humo ndani wakidhani hadithi imekufa, kumbe walikuwa kwenye chumba cha kusubiria. Ruka, angalia 220 ukitaka kwaheri, kisha ingia *Naruto Shippuden* (2007 hadi 2017, episodi 500). Humo pia kuna vipande vya kuruka: 57 hadi 71, 91 hadi 112, na 144 hadi 151 ndivyo vya mwanzo utakavyokutana navyo.

*Bleach* (2004 hadi 2012) ina episodi 366. Ruka 64 hadi 108, 168 hadi 189, na 228 hadi 266. Ukifika mwisho hujafika mwisho: sehemu ya mwisho ya manga ilikuja kuanza kurushwa Oktoba 2022 kwa jina la *Thousand-Year Blood War*, na picha zake zitakushangaza ukitoka kwenye zile za 2004. Usiingie humo moja kwa moja kama hukumaliza ya zamani, maana hakuna anayekutambulishia mtu.

*One Piece* ni kesi nyingine. Ilianza Oktoba 1999 na imevuka episodi 1,100. Filla zake ni chache kwa ukubwa wake, tatizo lake ni mwendo: kwa miaka mingi episodi moja imekuwa ikitumia karibu sura moja tu ya manga. Aliyeachia mbali tunamshauri asome manga kutoka alipoishia, kisha achague mapambano makubwa tu ya kuangalia kwa picha. Manga Plus, programu ya Shueisha wenyewe (wachapishaji wa manga hiyo) iliyoanza 2019, inatoa sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni bila malipo kwenye tovuti, na hiyo inatosha kukuambia kama bado unaitaka.

Kama hukumbuki ulipoishia, usirudi episodi ya kwanza. Fungua orodha ya majina ya episodi, shuka hadi uone jina usilolijua, kisha rudi nyuma tano.

Nakumbuka katuni niliyoangalia utotoni lakini jina silijui. Nitaipataje?

Mara nyingi jina unalo, ila si la Kijapani. Anime ziliposafirishwa zilibatizwa upya kila zilipofika, kwa hiyo swali la kwanza ni uliangalia kwa lugha gani.

Waliokulia Oman na nchi za Ghuba walimjua Captain Majid. Waliokuwa wakiangalia kwa Kifaransa, kama wengi wa Kongo, Rwanda na Burundi, waliijua kwa jina la *Olive et Tom*. Zote mbili ni *Captain Tsubasa* (1983, episodi 128), yule kijana wa mpira ambaye uwanja wake ulikuwa hauishi. *Les Chevaliers du Zodiaque* ni *Saint Seiya* (1986). *Ken le Survivant* ni *Hokuto no Ken* (1984). *Nicky Larson* ni *City Hunter* (1987). *Goldorak* ya Wafaransa na Grendizer ya Waarabu ni roboti mmoja, *UFO Robo Grendizer* wa 1975. Majina mengi ya Kifaransa yalienezwa na kipindi cha *Club Dorothée* cha kituo cha TF1 kati ya 1987 na 1997, na mengi ya Kiarabu na kituo cha Spacetoon kuanzia 2000. Na kwa Kiingereza cha Marekani, *Detective Conan* iliitwa *Case Closed*.

Kama huna jina kabisa, andika mambo manne kwenye karatasi kabla ya kuuliza mtu: mwaka wa kukadiria, lugha, kituo, na picha moja unayoikumbuka bila shaka. Si hadithi nzima, picha moja. Kumbukumbu ya hadithi huchanganya katuni mbili. Picha moja, kama msichana mwenye fimbo anayekamata kadi, inafika (huyo ni *Cardcaptor Sakura*, 1998). Kisha ingia AniList, tovuti ya orodha za anime, chuja kwa mwaka na aina, na tazama picha za jalada. Jicho linakumbuka haraka kuliko jina.

Kama una kipande cha video, tumia trace.moe, ambayo hutafuta tukio kwa kutumia picha ya skrini. Makosa matatu huifanya ishindwe: picha iliyokatwa pembeni, picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo (wanaopandisha vipande mitandaoni hupenda kugeuza), na mchoro wa shabiki ambao haukutoka kwenye anime. Piga picha fremu nzima bila mistari ya simu juu na chini. Jibu lenye ulinganifu chini ya asilimia 90 lisikuaminishe.

Na usipoipata popote, pengine si anime. *Avatar: The Last Airbender* ni ya Marekani. *Totally Spies* na *Code Lyoko* ni za Ufaransa.

Kuna matoleo mawili yenye jina moja. Niangalie lipi?

*Fullmetal Alchemist* ya 2003 (episodi 51) ilitengenezwa manga ikiwa bado haijaisha, ikajitungia mwisho wake. *Brotherhood* ya 2009 (episodi 64) inafuata manga hadi mwisho. Mpe mtu *Brotherhood*, lakini mwonye kwamba inapita mwanzoni kwa haraka, ikidhani unawajua wahusika kutoka ile ya kwanza. Mwenye muda aanze na ya 2003. Haipotezi kitu, na huzuni yake ya mwanzo ni nzito zaidi.

*Hunter x Hunter*: ya 2011 (episodi 148) inaanza upya kabisa, huhitaji ya 1999. *Fruits Basket*: ya 2019 hadi 2021 (episodi 63) inamaliza hadithi ambayo ile ya 2001 iliiacha njiani.

Nifuate mpangilio gani kwa zile zenye filamu na misimu mingi?

Kanuni: fuata tarehe za kutoka, si mpangilio wa matukio ndani ya hadithi. Lakini kuna mitego.

*Demon Slayer*: baada ya episodi 26 za 2019 inakuja filamu ya *Mugen Train* (2020), na filamu hii ni hadithi yenyewe, si nyongeza. Anayeiruka hukuta watu wanamlilia mtu asiyemjua. Ikiwa filamu huipati, kuna toleo lake la televisheni la episodi 7 la 2021. Angalia moja, si zote mbili. Zinafuata episodi 11 za Wilaya ya Starehe, 11 za Kijiji cha Wafua Panga (2023), 8 za Mafunzo ya Hashira (2024), kisha filamu ya 2025.

*Attack on Titan*: tatizo ni jina. "Msimu wa mwisho" una sehemu zaidi ya moja: episodi 16 zilizoanza Desemba 2020, episodi 12 za 2022, na vipindi viwili virefu vya Machi na Novemba 2023. Watu huishia sehemu ya kwanza wakidhani wamemaliza. Kama hujaona vile viwili vya 2023, hujamaliza.

*Evangelion*: episodi 26 za 1995, kisha *The End of Evangelion* (1997). *Death & Rebirth* ruka, kwa sehemu kubwa ni muhtasari. Filamu nne mpya (2007, 2009, 2012, 2021) ziangalie baadaye, na si badala ya zile za kwanza.

*Fate*: wengi huambiwa waanze *Fate/Zero* (2011) kwa sababu matukio yake ni ya kwanza. Usifanye hivyo. Inafichua siri ambazo hadithi mama inazijenga polepole. Anza *Unlimited Blade Works* (2014), kisha filamu tatu za *Heaven's Feel*, ndipo *Zero*.

Na *Gintama*: anza episodi ya 3. Mbili za kwanza zilitungwa kwa waliokwishasoma manga, na zimefukuza wageni wengi.

Kanuni ya episodi tatu ni ya kweli?

Ni ya kweli nusu. *Madoka* inageuka kwenye episodi ya 3, na ukiacha ya 2 hujaiona. Lakini *Steins;Gate* (2011, episodi 24) inapanga vyombo hadi katikati, karibu episodi ya 12, na mwenye kuacha ya 3 ameacha kabla chakula hakijapakuliwa. Kwa anime ya episodi 12 toa tatu, kwa ya 24 toa sita. Kama unachukia wahusika wenyewe, si mwendo wao, acha hata kwenye ya kwanza. Wahusika hawabadiliki kwa ajili yako.

Bando langu litatosha?

Kwa Netflix hesabu inajulikana: ubora wa chini hutumia GB 0.3 kwa saa, wa kati GB 0.7, na wa HD hadi GB 3. Chukua dakika 24 za saa hiyo na utapata MB 120 kwa episodi, au MB 280, au GB 1.2. Kwa anime ya episodi 12 ni GB 1.4, GB 3.4, au GB 14.4. Tofauti ya GB 1.4 na 14.4 ni tofauti ya kumaliza na kuishia njiani.

Kwenye skrini ya simu ubora wa kati unatosha. Rangi za anime ni bapa na mistari yake iko wazi, kwa hiyo huvumilia kubanwa kuliko filamu ya watu. Utaona vigae kwenye usiku na kwenye mapambano ya haraka, basi. Kwa *Demon Slayer*, ambayo nusu ya utamu ni picha, ngojea Wi-Fi.

Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi na uangalie kipimo cha muda: baadhi ya vilivyopakuliwa huisha saa 48 baada ya kubonyeza kucheza mara ya kwanza. Usibonyeze kujaribu tu. Na tovuti ya bure inayokutaka usakinishe programu yake au ukubali arifa kabla ya kuona video, ifunge palepale. Hicho ndicho kinachouzwa pale.

Sauti ya Kijapani au ya kutafsiriwa?

Yoyote utakayoimaliza. Ukiwa unapiga pasi au unapika, sauti ya lugha unayoielewa inashinda. *Cowboy Bebop* ya Kiingereza inaheshimiwa hata na wanaopenda Kijapani. Maandishi ya Kiswahili chini ya skrini ni adimu, na Crunchyroll, huduma ya kuangalia anime mtandaoni, ina ya Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu kati ya mengine.

Tatizo linaloulizwa sana ni maneno yasiyolingana na sauti. Chanzo mara nyingi ni kuchagua maandishi yenye alama ya CC. Hayo yaliandikwa kufuata sauti ya Kiingereza. Ukisikiliza Kijapani, chagua yasiyo na CC.

Mswahili ana bahati hapa kwa mambo mawili. Irabu za Kijapani ni zetu, a e i o u, kwa hiyo Totoro, Sakura na hata neno anime lenyewe unalitamka ukilisoma tu. Na pale mdogo anaposema "onii-chan", maandishi ya Kiingereza huweka jina la mtu, kwa sababu Mwingereza hamwiti kaka yake kaka. Wewe sikiliza sauti: amesema kaka. Heshima iliyopotea kwenye maandishi unaisikia mwenyewe.

Picha ya anime ya zamani imebanwa, au watu wamekuwa wanene. Kwa nini?

Hadi miaka ya kati ya 2000 anime nyingi zilichorwa kwa umbo la 4:3, karibu mraba. Televisheni ya leo ni 16:9 na hupenda kuvuta picha ijae. Nenda kwenye mpangilio wa picha, uchague umbo la asili au 4:3, ukubali michirizi myeusi kando. Matoleo yanayojidai ya kisasa yaliyojaza skrini kwa kukata juu na chini yaepuke, yanakata vichwa.

Mtu akiniambia "nipe anime kali", nimjibu nini?

Usimjibu kwa jina. Mjibu kwa maswali matatu.

La kwanza: ni nini ulichoangalia ukamaliza karibuni, hata kama si anime? Kumaliza, si kupenda, kwa sababu watu husema wanapenda vitu wanavyoviheshimu na humaliza vitu wanavyovipenda. La pili: una saa ngapi kwa wiki? La tatu: kitu gani kikitokea unazima? Damu, watoto kuumia, mzaha wa matiti, mapenzi yasiyokwisha. Swali hili la tatu ndilo linalookoa urafiki.

Kisha mpe moja. Akipewa kumi hataanza hata moja. Na iandike ikiwa kamili: jina, mwaka (kwa sababu ya matoleo mawili), idadi ya episodi, kama imekwisha, aanzie wapi, tahadhari gani, na kwa nini yeye. Mfano: "*Mushishi*, 2005, episodi 26, kila moja inajitegemea. Iko polepole, angalia usiku moja moja. Hakuna mapigano. Nimekufikiria kwa sababu unapenda simulizi za mizimu." Sehemu hiyo ya mwisho ina nguvu kuliko sifa zote. "Ni bora kuliko zote" haimwambii mtu chochote kuhusu jioni yake.

Nipe mifano ya kumpatia mtu kinachomfaa.

Mwenye mpira kichwani: *Ao Ashi* (2022, episodi 24) kwa anayejali mbinu na nafasi uwanjani, *Blue Lock* (2022, episodi 24) kwa anayetaka ushindani uliotiwa chumvi. Usiwachanganye, wa kwanza atamcheka wa pili. Na *Haikyuu!!* (kuanzia 2014) ni ya voliboli, lakini imewashika hata wasiojua wavu unafungwa urefu gani.

Mpenzi wa tamthilia ndefu za mapenzi na machozi: *Fruits Basket* ya 2019. *Nana* (2006, episodi 47) inamfaa zaidi akiwa mtu mzima, ila mwambie mapema kwamba manga yake imesimama tangu 2009 na hatapata mwisho. Asiambiwe baadaye.

Wa upelelezi: *Death Note* (2006, episodi 37) ni mlango rahisi kuliko yote, na wengi huona kasi yake inapungua baada ya episodi ya 25. *Monster* (2004, episodi 74) ni kwa anayeweza kukaa na daktari mmoja barani Ulaya kwa miezi miwili bila kuharakishwa. Wa majumba ya wafalme na fitina: *The Apothecary Diaries* (2023, episodi 24 za mwanzo).

Wa vita na kisasi: *Vinland Saga*, na humo kuna onyo. Msimu wa 2019 ni panga. Msimu wa 2023 ni jembe, shamba na mtu anayejifunza kutomchukia mtu. Aliyekuja kwa ajili ya panga atalalamika, na anayevumilia huuona wa pili kuwa ndio mkubwa.

Alama za MyAnimeList niziamini?

Alama hizo za tovuti hupigwa na watazamaji wenyewe. Ziamini kama kipimajoto, si kama daktari. Misimu ya pili na ya tatu hupata alama za juu kwa sababu wasioipenda waliondoka kwenye wa kwanza, hawakubaki kupiga kura. Kwa hiyo linganisha msimu wa kwanza na msimu wa kwanza. Pia tazama kwenye takwimu idadi ya walioachia njiani. Anime ya alama 7 ambayo wachache waliiacha ni pendekezo salama kuliko ya 8 iliyotupwa na wengi.

Ni katuni, basi watoto waangalie tu?

Hapana, na hili tunalisema kwa msisitizo kwa sababu kosa lake haliwezi kufutwa kichwani mwa mtoto. Maneno kama shonen (ya wavulana) na seinen (ya wanaume watu wazima) yanaeleza gazeti la manga lililenga wasomaji gani, hayapimi usalama. *Death Note* ilitoka katika gazeti la wavulana.

Hatari zaidi ni zile zenye sura ya kitoto. *Made in Abyss* (2017) ina watoto wenye mashavu ya mviringo na mateso ambayo mtu mzima huyafumbia macho. *Madoka* ina mabinti wenye mavazi ya waridi. *Grave of the Fireflies* ya Isao Takahata ilionyeshwa Aprili 1988 sambamba na *My Neighbor Totoro* ya Hayao Miyazaki, na mzazi anayezichukua kama pacha atajuta: moja ni furaha ya dakika 86, nyingine ni watoto wawili wanaokufa njaa vitani. *Perfect Blue* (1997) ni ya watu wazima peke yao. Kwa mtoto mdogo anza na *Totoro*, *Ponyo* (2008) au *Kiki's Delivery Service* (1989), na kaa naye kwa nusu saa ya kwanza.

Nitaelezaje uzuri wake bila kutoboa siri?

Eleza yaliyomo kwenye episodi mbili za mwanzo tu, na usiseme "ngoja ufike ya 19". Ukimtajia namba umemharibia, kwa sababu atazipita 18 akiingoja moja.

Mwonye pia asitafute jina la mhusika mtandaoni. Kisanduku cha kutafutia humalizia sentensi chenyewe, na mara nyingi humalizia kwa neno kifo. Atafute jina la anime pamoja na namba ya episodi. Na aruke vionjo vya episodi ijayo: majina ya episodi za *Dragon Ball Z* yamewahi kutangaza matokeo ya pambano kabla ngumi haijarushwa.

Nilimpendekezea, akaacha njiani. Nifanye nini?

Muulize aliacha episodi ya ngapi. Aliyeacha ya kwanza au ya pili ameshindwa na macho au masikio: michoro ya kizamani, sauti kali. Mpe ya karibuni yenye hadithi ya aina ileile, au mbadilishie sauti. Aliyeacha katikati ameshindwa na mwendo, na hapo angalia kwanza kama hakuingia kwenye filla, maana dawa inaweza kuwa namba mbili tu: toka hii, nenda ile. Aliyebakiza episodi mbili au tatu hakuichukia, hataki iishe, au aliona kitu kilichomuumiza. Huyo usimsukume. Mwulize ni tukio gani, na pendekezo lako linalofuata lianzie hapo.